Nani Atuchagulie Habari?

Mtu akaaye kando ya Ziwa Viktoria hana haja ya kufundishwa kwamba maji mengi si lazima yawe maji safi. Mito ya Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na Kuja hushuka kutoka nyanda za juu, na kila mmoja huleta ziwani mali yake na taka yake. Mwenye busara huchota kwa kuchagua: hutazama mahali, hutazama wakati, na hutazama chombo chake. Habari nazo zi vivyo hivyo. Zatoka pande nyingi, zimechanganyika kweli na uwongo, maana na upuuzi, na hapana mtu aliyejaliwa maisha marefu ya kutosha kuzisikia zote. Kwa sababu hiyo hazina budi kuchaguliwa. Swali ambalo limewasumbua watu wa Kisumu na mwambao wake kwa zaidi ya miaka mia moja ni hili: nani azichague?

Katika insha hii tutalifuata swali hilo tangu siku reli ilipofika ziwani hata zama hizi za simu za mkononi. Njiani tutaongozwa na maisha ya mtu mmoja, Ramogi Achieng Oneko, kwa kuwa alipata kusimama kila upande wa swali letu. Alikuwa mhariri, akawa mfungwa, akawa waziri, kisha akawa mfungwa tena.

Kabla ya reli, habari zilikwenda kwa miguu na kwa mitumbwi. Zilisemwa sokoni, zikapimwa barazani mbele ya wazee, na zilipovuka ghuba zilivuka kinywani mwa mtu aliyejulikana. Msikilizaji aliujua ukoo wa msemaji na tabia yake. Aliyesema uwongo jana hakuaminiwa leo. Uchaguzi wa habari ulikuwa kazi ya kila mtu, na kipimo chake kilikuwa heshima ya yule aliyezileta. Kipimo hicho kilikuwa na upungufu wake, kwani hata mtu mwema huweza kukosea, na habari za mbali zilichelewa sana. Lakini mtu alijua ni nani wa kumwuliza.

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na mnamo Desemba 1901 vyuma vyake vikafika kwenye ghuba ya ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Wakati huo mwambao huu ulihesabiwa kuwa sehemu ya Himaya ya Uganda. Ulihamishiwa upande wa nchi ambayo sasa ni Kenya mwaka 1902. Pamoja na reli ukaja waya wa simu, na baada yake zikaja meli za chuma zilizoletwa vipande vipande na kuunganishwa ziwani. Habari iliyokuwa ikitembea majuma mengi kutoka pwani ya bahari sasa ilifika kwa siku moja. Ilikuwa ni faida kubwa. Walakini waya ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa serikali ya kikoloni.

Magazeti ya kwanza nayo yalikuwa na wenyewe. Mwaka 1902 mfanya biashara A. M. Jeevanjee alianzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa, ambalo baadaye liliuzwa, likahamia Nairobi na kuitwa East African Standard. Likawa gazeti la masetla. Mtu wa Nyanza aliyejua Kiingereza aliweza kusoma ndani yake bei ya kahawa na malalamiko ya wenye mashamba makubwa. Mambo yake mwenyewe, yaani kodi, kipande na kazi ya lazima, aliyakuta yameandikwa na watu wasiolipa kodi hiyo wala kuvaa kipande hicho.

Jibu la kwanza la watu wa ziwa halikuandikwa gazetini. Lilisemwa kwa vinywa. Mnamo Desemba 1921 vijana waliosoma, wengi wao wanafunzi wa zamani wa shule ya Maseno iliyoanzishwa mwaka 1906, walikutana na wananchi huko Lundha, katika Gem. Wakaunda chama, na Jonathan Okwiri akawa mwenyekiti wake. Harakati yao ikajulikana kwa jina la Piny Owacho, maneno ya Kijaluo yenye maana ya kwamba nchi imesema. Jina hilo lastahili kufikiriwa. Mpaka siku ile ni serikali iliyokuwa ikisema na nchi ikisikiliza. Sasa nchi yenyewe ilichagua mambo iliyoyaona kuwa makubwa, ikayapanga kwa utaratibu, ikayapeleka kwa wakubwa. Mwezi wa Julai 1922 Gavana, Sir Edward Northey, alilazimika kukutana nao Nyahera, karibu na Kisumu, na kuwasikiliza.

Lakini mkutano huisha na watu hurudi makwao. Neno lililosemwa huhitaji chombo cha kulihifadhi, na chombo cha wakati ule kilikuwa karatasi iliyopigwa chapa. Wakikuyu walitangulia kwa gazeti la Muigwithania mwaka 1928, ambalo mhariri wake alikuwa Johnstone Kenyatta, aliyejulikana baadaye kwa jina la Jomo. Watu wa ziwa walifuata katika miaka ya 1940, na hapa ndipo Oneko anapoingia katika hadithi yetu.

Achieng Oneko alizaliwa mwaka 1920 huko Uyoma, kwenye rasi inayoingia ziwani, akasoma Maseno. Alipokuwa kijana alianzisha gazeti la lugha ya Kijaluo, akaliita Ramogi, kwa jina la babu mkubwa ambaye masimulizi ya Wajaluo humtaja kuwa asili yao. Wakati huo huo Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu Maseno, aliacha ualimu akaingia katika biashara, akawakusanya watu wachangie fedha katika shirika lililoitwa Luo Thrift and Trading Corporation. Hisa zake zilinunuliwa na watu wa kawaida, senti kwa senti. Shirika hilo likanunua mtambo wa kupiga chapa, nao ukaitwa Ramogi Press. Mtambo huo uliwekwa Nairobi, na haukuwafaa Wajaluo peke yao, kwa kuwa magazeti ya Waafrika wa lugha nyingine pia yalipigwa chapa hapo.

Msomaji kijana pengine atauliza, ya nini taabu yote hiyo ya kununua mtambo, hali wapiga chapa wengine walikuwapo mjini? Jibu ni kwamba mwenye mtambo ndiye mchaguzi wa mwisho. Mhariri aweza kuandika makala nzuri kama nini, lakini mpiga chapa akikataa, makala hiyo imekufa. Odinga na Oneko waliliona jambo hilo mapema. Hawakutosheka na ruhusa ya kusema katika nyumba ya mtu mwingine. Walijenga nyumba yao.

Nyumba hiyo haikukaa kwa amani. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na usiku ule Oneko alikamatwa pamoja na Jomo Kenyatta na viongozi wengine. Magazeti mengi ya lugha za Kiafrika, hasa yale ya Kikuyu, yalipigwa marufuku. Oneko alikuwa mmoja wa watu sita walioshtakiwa Kapenguria. Rufaa yake ilikubaliwa, lakini hakuachiliwa; alikaa kizuizini mpaka mwaka 1961. Miaka hiyo yote mtu aliyekuwa akiwachagulia wenzake habari alichaguliwa na wengine habari za kusoma, na hata hizo zilikuwa chache.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na mfungwa wa jana akawa waziri. Oneko alipewa wizara iliyosimamia habari na utangazaji. Redio, ambayo ilianza Kenya mwaka 1928 kwa ajili ya Wazungu, ilikuwa imekuwa sauti kubwa kuliko magazeti yote, kwa maana haikumhitaji msikilizaji ajue kusoma. Ilikuwa ikiendeshwa na shirika ambalo makampuni ya kigeni yalikuwa na sehemu ndani yake. Mwaka 1964, Oneko akiwa waziri, serikali ililichukua shirika hilo, na redio ikaitwa Sauti ya Kenya. Sababu yake haikuwa mbaya. Taifa changa lilitaka kujisemea lenyewe, na watu waliokuwa wamenyamazishwa kwa miaka sitini walishangilia kusikia lugha zao hewani. Lakini mfereji wa habari za nchi nzima sasa uliwekwa mkononi mwa mtu mmoja, yaani serikali, na serikali hubadilika moyo.

Haikupita miaka miwili moyo ukabadilika. Mwaka 1966 Odinga alitofautiana na Rais Kenyatta, akaondoka serikalini na kuunda chama cha Kenya People's Union. Oneko akajiuzulu uwaziri, akamfuata. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais alifika Kisumu kufungua hospitali mpya iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, ambayo wenyeji huiita Russia hata leo. Rais na Odinga wakarushiana maneno makali mbele ya umati, ghasia zikazuka, na walinzi wakafyatua risasi. Watu waliuawa. Idadi iliyotolewa na serikali na idadi iliyosemwa na wenyeji hazikupatana, wala hazijapatana hata leo. Siku chache baadaye chama cha Odinga kikapigwa marufuku, naye na wenzake wakatiwa kizuizini. Miongoni mwao alikuwa Oneko, ambaye hakufunguliwa mpaka mwaka 1975.

Tutue hapa kidogo. Redio iliyowaeleza Wakenya yaliyotokea Kisumu ilikuwa redio ile ile iliyochukuliwa na serikali wakati Oneko akiwa waziri wake. Sasa yeye hakuwa na nafasi ya kusema neno hata moja ndani yake. Wala hatusemi kwamba alistahili adhabu hiyo, hakustahili. Twasema tu kwamba mfereji mmoja humtumikia yule aliye na ufunguo wake, na ufunguo hupita mkono kwa mkono. Tarehe 1 Agosti 1982 jambo hilo lilionekana kwa namna nyingine, askari wa jeshi la anga walipojaribu kuipindua serikali. Jambo moja la kwanza walilolifanya lilikuwa kuiteka Sauti ya Kenya na kumlazimisha mtangazaji asome tangazo lao. Kwa saa kadhaa nchi nzima, Kisumu pamoja nayo, iliwasikiliza watekaji, kwa sababu redio ya nchi ilikuwa moja, na aliyeikamata nyumba moja alikuwa ameikamata sauti ya nchi.

Wananchi hawakukaa bure. Katika nyumba nyingi redio ilikuwa na kitufe cha kuzungushwa, na kitufe hicho kilikuwa uhuru mdogo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na ile ya Ujerumani mwaka 1963. Zaidi ya hizo zilikuwapo redio za Tanzania na Uganda. Msikilizaji mwenye busara alisikiliza ya Nairobi, kisha akazungusha kitufe asikilize ya London na ya Dar es Salaam, akalinganisha. Hakuna hata moja iliyokuwa malaika. Kila moja ilikuwa na mwenyewe na makusudi yake. Lakini pale zilipopatana, alijua kwamba huenda jambo ni kweli. Na pale zilipopingana, alijua mahali pa kuuliza zaidi. Jina la ustadi huo halikuwapo katika vitabu vya shule, ila watu wa makamo walikuwa nao.

Oneko aliishi mpaka akaona mifereji ikiongezeka. Vyama vingi viliporudi alichaguliwa kuwa mbunge wa Rarieda mwaka 1992, na katika uzee wake redio za watu binafsi zilienea nchini, mojawapo ikitangaza kwa Kijaluo na kuitwa tena Ramogi, ingawa yatokana na kampuni nyingine kabisa. Alifariki dunia mwezi wa Juni 2007, wa mwisho kati ya wale sita wa Kapenguria. Miezi sita baadaye swali lake la zamani lilirudi kwa ukali mkubwa.

Uchaguzi mkuu ulifanywa tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya kura ya urais yalitangazwa tarehe 30, na siku ile ile serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Machafuko yalikuwa yamezuka. Zaidi ya watu 1,100 walikufa nchini katika majuma yaliyofuata, na Kisumu ulikuwa mmoja wa miji iliyoumia sana. Wengi waliouawa hapo walipigwa risasi. Vyombo vilivyojulikana viliponyamazishwa, watu hawakuacha kutaka habari. Waligeukia ujumbe wa simu, na katika ujumbe huo mlikuwamo maonyo ya kweli, na mlikuwamo pia uvumi na maneno ya chuki yaliyopita kutoka simu hata simu bila ya jina la aliyeyaanzisha. Baadhi ya redio za lugha za nyumbani nazo zililaumiwa kwa kuchochea. Hapo ilidhihirika kwamba kuziba mfereji hakuleti ukimya, huleta tope.

Lakini hapo pia lilizaliwa jambo jema. Mwanzoni mwa Januari 2008 Wakenya wachache pamoja na rafiki zao, wakiwamo Ory Okolloh, Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman, walitengeneza tovuti wakaiita Ushahidi. Mtu yeyote aliyeona jambo aliweza kulieleza kwa ujumbe wa simu au kwa intaneti, na habari yake ikawekwa katika ramani mahali lilipotokea. Watu waliojitolea walizilinganisha taarifa hizo na nyingine walizozipata, ili ziaminike zaidi. Kisha walifanya jambo kubwa zaidi: programu yenyewe waliitoa bure, kila mtu aitumie na kuitengeneza apendavyo. Mwaka 2010 ilitumika baada ya tetemeko la ardhi huko Haiti, upande wa pili wa dunia. Baadaye wakajaribu kutengeneza chombo kingine cha kuchuja habari nyingi zinazoingia kwa wingi kutoka mahali mbalimbali. Piny Owacho walikusanya sauti za nchi kwa mikutano. Hawa walizikusanya kwa ramani.

Mwaka 2009 nyaya kubwa za intaneti zilifika Mombasa chini ya bahari, na kama reli ya 1901, ziliendelea hata ziwani. Leo kijana wa Kisumu aketiye Dunga akitazama mashua hupata kwa dakika moja habari nyingi kuliko zile ambazo baba wa babu yake alizipata kwa mwaka. Hufika kwa Facebook, kwa WhatsApp, kwa TikTok na kwa mtandao wa X, uliokuwa ukiitwa Twitter. Basi, je, swali limekwisha? Halijakwisha. Nyingi za nyumba hizo zina mwenyewe mmoja, naye yuko mbali. Katika zile zinazompangia mtu mambo ya kutazama, anachokiona kwanza hakichaguliwi na mhariri wala na rafiki, bali na hesabu za mashine zilizotengenezwa ili jicho lisiondoke. Kilicho kweli na kilicho na faida huenda kikapita mbele, na huenda kisipite. Hesabu hiyo haina haja nacho.

Watu wa ziwa wanalo fundisho lao katika jambo hili. Gugumaji, mmea wenye ua zuri la zambarau, lilitoka Amerika ya Kusini, likachukuliwa nchi nyingi kwa ajili ya uzuri wake. Lilionekana katika Ziwa Viktoria kiasi cha mwaka 1990, na kabla ya miaka kumi kwisha lilikuwa limefunika sehemu kubwa ya ghuba, hata mashua zikashindwa kutoka na bandari ya Kisumu ikazibika. Hakuna mvuvi aliyelichagua. Lilishinda mimea mingine kwa sababu lilizaana upesi, basi. Habari za kuchochea hasira na kicheko nazo huzaana upesi, na katika maji yasiyochungwa na mtu hufunika zilizobaki.

Tena nyumba yenye mwenyewe mmoja huweza kuuzwa. Oktoba 2022 Twitter ilinunuliwa na tajiri Elon Musk kwa dola bilioni 44. Januari 2023 zile programu za watu wengine, ambazo baadhi ya wasomaji walizitumia kupanga habari zao kwa namna waipendayo, zilifungiwa mlango. Watumiaji hawakuulizwa. Wengi walikuwa wamejenga humo marafiki na wasomaji kwa miaka mingi, na hawakuweza kuwahamisha. Walifahamu wakati huo jambo alilolifahamu Odinga alipoununua mtambo wake.

Kwa ajili hiyo watu katika nchi mbalimbali wamekuwa wakijenga mtandao wa kijamii ulio wazi. Twaweza kuufahamu kwa mfano wa posta. Mtu wa Kisumu aweza kumwandikia barua mtu wa Ujerumani, ijapokuwa posta ya Kisumu si mali ya Wajerumani. Hayo yawezekana kwa kuwa nchi zilipatana, tangu mwaka 1874, jinsi ya kupokeana barua. Mtandao wazi ni mapatano ya namna hiyo. Yalikuwapo tangu mwaka 1999 mapatano yaitwayo RSS, ambayo kwayo msomaji hupokea makala mpya kutoka tovuti nyingi mahali pamoja, kwa utaratibu wa tarehe, bila ya mtu wa kati. Mwaka 2016 Eugen Rochko wa Ujerumani alianzisha Mastodon. Humo hamna nyumba moja kubwa, bali ni maelfu ya nyumba ndogo, kila moja na msimamizi wake na sheria zake, nazo hupelekeana habari. Mapatano zinayoyatumia, ActivityPub, yalithibitishwa mwaka 2018. Mtu akichukizwa na nyumba moja aweza kuhamia nyingine akiwachukua wanaomfuata. Kuna pia Bluesky, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2024, ambayo humwezesha mtumiaji kuunda mkondo wake wa habari, au kuchagua mkondo uliotengenezwa na mwingine, badala ya kulazimishwa mmoja tu.

Usidhani, msomaji, kwamba humo mna pepo. Nyumba ndogo nyingi huendeshwa na watu wanaojitolea, nao huchoka, au hukosa fedha, wakafunga. Uwongo hufika humo kama ufikavyo kwingine. Tena palipo na uhuru wa kuchagua pana pia hatari ya mtu kuchagua yale tu yanayompendeza, akawafuata wa kabila lake na wa chama chake, akawazima wengine wote, kisha akasema ameijua dunia. Huyo amejijengea Sauti ya Kenya yake mwenyewe, na ufunguo umo mfukoni mwake. Wahenga walisema kwamba mchagua nazi hupata koroma. Ni kweli, achaguaye sana hupata hasara. Lakini asiyechagua kabisa hula chochote anacholetewa.

Basi ustadi wenyewe ni upi? Ni ule wa yule aliyezungusha kitufe cha redio, umeongezwa kidogo. Kwanza, mjue mwenye mfereji: nani amenunua mtambo, na anapata nini ukiendelea kutazama. Pili, ifuate mifereji isiyotoka mlima mmoja. Ukifuata magazeti matatu ya tajiri mmoja umefuata moja. Tatu, mtafute mtu aliyekuwapo. Habari ya mafuriko ya Nyando huelezwa vyema na aliyeyaona maji mlangoni pake kuliko na aliyeisikia kwa jirani wa jirani. Nne, usipeleke mbele neno lisilo na mwenyewe, hata likiwa tamu, na hasa likiwa tamu. Kumbuka ujumbe wa mwaka 2008. Tano, fagia mkondo wako mara kwa mara kama mtu afagiavyo uwanja wake, ukimwondoa adanganyaye na kumwingiza afundishaye, hata ikiwa hamwafikiani.

Haya si mambo ya wakubwa peke yao. Vijana walioitisha mkutano wa Lundha walikuwa wametoka shule si zamani, na Oneko alikuwa hajatimiza miaka thelathini alipokuwa mhariri. Kwa hiyo kijana asomaye insha hii aweza kuanza leo. Achukue karatasi, aandike habari kumi alizozisikia juma hili, na mbele ya kila moja aandike ilimfikia kwa njia gani, na njia hiyo ni mali ya nani. Akikuta kwamba zote kumi zimetoka kwa mwenyewe mmoja, amekwisha kupata kazi ya juma lijalo.